Peptidi za Chaza na Kombe kwa Panya Walioshushwa Kinga: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Utangulizi

Ichukuliwe hali ya mama mwenye saratani ya matiti ambaye alipata dozi yake ya pili ya tibakemikali siku tisa zilizopita. Anafika kliniki akiwa na pakiti ya unga aliyotumiwa na mwanawe. Juu ya pakiti imeandikwa kwamba unga huo umetengenezwa kwa chaza, kwamba unaongeza kinga ya mwili, na kwamba nguvu yake imethibitishwa kwa utafiti. "Nesi," anauliza, "nikiukoroga huu kwenye uji, damu yangu nyeupe itapanda?"

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu lenye maelezo. Kumwambia "usitumie" bila kutoa sababu humfanya mgonjwa atumie kwa siri. Kumwambia "tumia tu, hicho ni chakula" huweza kumdhuru. Utafiti unaotajwa kwenye pakiti za namna hiyo upo kweli. Kwa miaka mingi wanasayansi, hasa wa China, nchi inayofuga chaza na kombe kuliko nyingine yoyote duniani, wamekuwa wakitoa peptidi kutoka katika wanyama hao na kuzijaribu kwa panya ambao kinga yao imeshushwa kwa dawa.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza peptidi ni nini na hupatikanaje kutoka kwa chaza, kome na kombe;
(b) kueleza jaribio la panya linavyopangwa na matokeo yake yanavyosomwa;
(c) kutofautisha kinga iliyorejea na kinga iliyoongezeka;
(d) kumshauri mgonjwa mwenye kinga pungufu kuhusu unga wa chaza na ulaji wa chaza wenyewe.

Peptidi ni nini?

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, mithili ya ushanga uliotungwa katika uzi. Uzi huo ukikatwa, kila kipande chenye shanga chache, kuanzia mbili hadi makumi kadhaa, huitwa peptidi. Kazi ya kukata hufanyika kila siku tumboni na katika utumbo mdogo, ambako vimeng'enya kama pepsini na tripsini hulainisha nyama, maharage na samaki.

Maabara huiga kazi hiyo. Nyama ya chaza au kombe husagwa, hutiwa maji na kimeng'enya, kisha huachwa kwa saa kadhaa katika joto linalofaa. Baadaye mchanganyiko huo hupashwa moto ili kimeng'enya kiache kufanya kazi, huchujwa, na vipande hutenganishwa kwa ukubwa wake. Mara nyingi watafiti huchagua vipande vidogo, vyenye uzito wa chini ya daltoni 3,000, kwa kuwa hivyo hutarajiwa kupenya kwa urahisi zaidi kuliko protini nzima. Kinachobaki hukaushwa kuwa unga.

Ieleweke, basi, kwamba unga wa peptidi si chaza aliyekaushwa na kutwangwa. Unga wa maabara moja huweza kutofautiana na wa maabara nyingine ikiwa kimeng'enya, muda au aina ya mnyama imebadilika. Pakiti iliyoandikwa "chaza" peke yake haimwambii mnunuzi ni ipi kati ya bidhaa hizo aliyoishika mkononi.

Kwa nini kinga ya panya hushushwa kwanza?

Panya mwenye afya hana pengo la kujazwa. Ili kuona kama kitu fulani kinasaidia kinga, watafiti huishusha kwanza. Dawa inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni saiklofosfamidi, ambayo wagonjwa wengi wa saratani wanaifahamu.

Saiklofosfamidi iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1959. Historia yake inaigusa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt. Katika miaka ya 1960 saiklofosfamidi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoonyesha kwamba saratani hiyo inaweza kutibika. Hadi leo hutumika kwa limfoma, kwa saratani ya matiti, na kwa magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama lupasi kali.

Dawa hii hubadilishwa na ini kuwa kemikali zinazoifunga DNA ya seli, na seli hiyo ikashindwa kugawanyika. Seli za saratani huumia kwa sababu hugawanyika upesi, lakini seli za uboho, zinazozalisha chembe nyeupe za damu, nazo hugawanyika upesi. Hivyo chembe nyeupe hupungua, hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 8 na ya 14, kisha hupanda, na kwa kawaida huwa zimerejea kufikia siku ya 21. Mama wa mfano wetu, akiwa katika siku ya tisa, yumo ndani ya kipindi hicho cha hatari.

Jaribio linavyopangwa

Panya wadogo weupe wa aina moja, wenye umri na uzito unaokaribiana, hugawanywa katika makundi. Mpango wa kawaida ni huu:

Kundi la kwanza halipewi dawa ya kushusha kinga. Hili huonyesha panya mzima alivyo.

Kundi la pili hudungwa saiklofosfamidi tumboni kwa siku chache, kisha hunyweshwa maji au maji ya chumvi. Hili huonyesha kinga iliyoshuka bila msaada wowote.

Kundi la tatu hudungwa saiklofosfamidi, kisha hupewa dawa inayojulikana kuchochea kinga, mara nyingi levamisoli.

Makundi yanayofuata hudungwa saiklofosfamidi, kisha hunyweshwa peptidi kwa dozi ndogo, ya kati na kubwa kwa wiki kadhaa.

Mwishoni panya hupimwa. Bandama, ambalo wengine huliita wengu, na tezi ya thaimasi iliyo kifuani hupimwa uzito, na uzito huo hugawanywa kwa uzito wa mwili. Panya wa gramu 25 mwenye bandama la miligramu 75 ana miligramu 3 za bandama kwa kila gramu ya mwili. Chembe nyeupe huhesabiwa. Seli za bandama huchochewa katika chombo ili kuona kama zinazaliana. Wino wa kaboni hudungwa katika mshipa ili kuona makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu na uchafu, zinausafisha kwa kasi gani. Katika damu hupimwa kingamwili pamoja na saitokaini, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupelekeana taarifa.

Matokeo yaliyopatikana

Tafiti nyingi za namna hii, zilizotumia peptidi za chaza, za kome na za kombe wa aina mbalimbali, zimetoa picha inayofanana. Panya waliopata saiklofosfamidi peke yake walikonda, bandama na thaimasi zao zikasinyaa, na chembe nyeupe zikapungua. Panya waliopewa peptidi pamoja na dawa hiyo walipungukiwa kidogo zaidi. Makrofaji wao walimeza kwa bidii, seli za bandama zikazaliana vizuri zaidi, na saitokaini na kingamwili zikakaribia kiwango cha panya wazima. Baadhi ya tafiti zimeona pia kwamba ukuta wa utumbo ulikuwa katika hali bora na kwamba mchanganyiko wa bakteria wa utumboni ulibadilika.

Njia zinazodhaniwa kueleza matokeo hayo ni mbili. Ya kwanza ni kwamba peptidi hugusa vipokezi vilivyo juu ya makrofaji, na seli hizo zikaamka. Ya pili ni kwamba kazi huanzia utumboni, ambako seli nyingi za kinga zimejikusanya na ambako bakteria hulishwa na kile kilichonywewa. Njia ya pili ina uzito wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya peptidi zinazomezwa humeng'enywa zaidi kabla ya kufika katika damu.

Matokeo haya ni ya kweli kwa panya hao, na hayapaswi kudharauliwa. Hata hivyo yanahitaji kusomwa kwa makini, na hapo ndipo pakiti ya mama huyo inapopotosha.

Kurejea si kuongezeka

Kwanza, neno "kuongeza". Katika majaribio mengi, panya waliopewa peptidi waliwazidi panya wa kundi la pili, ambao kinga yao ilikuwa imeangushwa. Hawakulazimika kuwazidi panya wazima wa kundi la kwanza. Maelezo sahihi ni kwamba peptidi zilisaidia kinga iliyoanguka kurejea, au ziliizuia isianguke sana. Mtu mwenye afya hawezi kuahidiwa chochote kwa ushahidi huo.

Pili, uboho hupona wenyewe. Kama ilivyoelezwa, chembe nyeupe za mtu hurejea bila msaada siku chache baada ya kufika chini, na panya naye hupona. Mgonjwa anayeanza kunywa unga siku ya tisa na kupimwa siku ya 21 ataona chembe zimepanda, na ataushukuru unga. Bila kundi la kulinganisha, hakuna anayeweza kujua ni unga au ni uboho uliofanya kazi. Ushuhuda wa jirani, hata ukitolewa kwa nia njema, una kasoro hiyohiyo.

Tatu, kundi la pili lilinyweshwa nini? Likinyweshwa maji tu, wakati makundi mengine yanapata peptidi, tofauti inayoonekana huenda imetokana na protini ya ziada. Chaza wana madini mengi ya zinki pia, na ukosefu wa zinki hupunguza kinga. Jaribio bora hulipa kundi la kulinganisha kiasi kilekile cha protini kutoka chanzo kingine, kama maziwa au soya. Mtafiti asipofanya hivyo, huenda amethibitisha tu kwamba mnyama dhaifu hupata nafuu akilishwa vizuri.

Nne, ukubwa wa kiungo si kipimo cha ubora wa kinga. Wahudumu wa Afrika Mashariki wanalijua hili vyema: bandama la mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara huvimba, na hakuna anayesema kwamba uvimbe huo ni afya. Kwa panya, bandama huweza kukua baada ya saiklofosfamidi kwa sababu linasaidia kutengeneza damu wakati uboho unapopona. Saitokaini nazo hupanda katika uponyaji, na hupanda pia katika uvimbe unaoharibu mwili.

Tano, usafi wa unga. Makrofaji huamshwa kwa nguvu sana na kemikali iliyo katika ganda la bakteria wengi, hata ikiwa ndogo mno. Chaza huchuja maji ya bahari na hukusanya bakteria. Majaribio yanayoweka peptidi moja kwa moja juu ya seli ndani ya chombo yasipohakikisha kwamba kemikali hiyo imeondolewa, huenda sifa ya bakteria imepewa chaza.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu

Dozi ya panya haihamishwi kwa mtu kwa kuzidisha uzito tu. Kanuni inayotumika kukadiria dozi ya kuanzia katika tafiti za dawa hugawanya miligramu kwa kilo za panya mdogo kwa 12.3. Ikiwa panya alipewa miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 60 angekadiriwa karibu gramu 2 kwa siku, wakati hesabu ya kuzidisha ingempa gramu 24. Hesabu hiyo yenyewe ni ya kuanzia utafiti, si ya kumtibu mgonjwa.

Lipo pia pengo ambalo hesabu haiwezi kulijaza. Kwa kawaida panya wa majaribio haya hawana saratani. Ni panya wazima waliodungwa saiklofosfamidi. Hivyo jaribio linaweza kusema kama uboho ulilindwa, lakini haliwezi kusema kama uvimbe nao ulilindwa. Kwa mama anayemeza dawa ili uvimbe ufe, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Kwa mgonjwa wa lupasi au aliyepandikizwa figo, tatizo ni la aina nyingine. Kinga yake imeshushwa kwa makusudi. Akipata kitu ambacho kweli kinaamsha kinga, kitakuwa kinapingana na tiba yake, na figo yaweza kukataliwa. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, kinga hurejeshwa kwa kutumia dawa za kufubaza virusi bila kukosa, na hakuna unga unaoshika nafasi yake.

Levamisoli, dawa inayotumika kama kipimo katika kundi la tatu, ina funzo lake. Ilianza kama dawa ya minyoo, ikatumiwa kuchochea kinga, kisha ikaondolewa katika soko la Marekani kwa matumizi ya binadamu, kwa sababu kwa baadhi ya watu iliangusha chembe nyeupe kwa kiwango cha hatari. Kitu kilichoonekana kusaidia kinga ya panya kiliweza kuivunja kinga ya mtu.

Hayo hayamaanishi kwamba viumbe wa baharini wenye magamba hawawezi kutoa dawa. Zikonotidi, dawa ya maumivu makali sana, iliigwa kutoka kwa peptidi yenye asidi amino 25 inayopatikana katika sumu ya konokono wa baharini, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 baada ya zaidi ya miongo miwili ya kazi. Hudungwa katika maji ya uti wa mgongo, wala haimezwi. Peptidi za chaza zinaweza kufika mbali siku moja, lakini kwa njia ndefu kama hiyo: muundo unaojulikana, dozi inayojulikana, na majaribio kwa watu.

Chaza wa mezani

Mgonjwa anayesikia habari za peptidi huenda akaona ni nafuu kununua chaza wabichi sokoni au kuwaokota maji yanapokupwa. Hapa hatari ni kubwa kuliko ya unga.

Chaza na kombe huchuja maji mengi na hubaki na kile kilichomo: virusi vya homa ya ini aina ya A, virusi vya kuhara, na bakteria wa jamii ya vibrio, ambao miongoni mwao yumo wa kipindupindu. Mapema mwaka 1988, huko Shanghai, watu wapatao 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A baada ya kula kombe wasioiva vizuri kutoka katika maji yaliyochafuliwa. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus huweza kuua kwa siku chache, hasa wenye ugonjwa wa ini na wenye kinga pungufu.

Mgonjwa mwenye kinga pungufu asile chaza au kombe wabichi, wala wale waliomwagiwa ndimu tu, kwa kuwa ndimu haiui vijidudu hivyo. Wachemshwe mpaka magamba yafunguke, kisha waendelee kuchemka kwa dakika 3 hadi 5. Wasiofunguka watupwe. Izingatiwe pia kwamba moto hauondoi sumu za mwani zinazokusanyika katika kombe nyakati fulani, wala hauondoi mzio. Mwenye mzio wa chaza, kamba au kaa asitumie unga wake bila kumwona daktari.

Jibu kwa mgonjwa

Nesi sasa anaweza kumjibu mama huyo: "Mama, umefanya vizuri kuuleta na kuniuliza. Utafiti huo upo, lakini ulifanywa kwa panya, na panya wenyewe hawakuwa na saratani. Hatujui kama unga huu utakusaidia au utaisumbua dawa yako. Damu yako nyeupe sasa iko chini, na siku chache zijazo itaanza kupanda yenyewe. Naomba uuweke kando kwanza, nami nitauandika kwenye faili ili daktari auone. Uji kunywa, mayai, maharage na samaki walioiva vizuri kula. Na ukipata homa, nyuzijoto 38 au zaidi, usingoje kuche: njoo hospitali saa hiyo hiyo."

Maneno ya mwisho ndiyo yanayookoa maisha. Homa kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe ziitwazo nyutrofili ziko chini ya 500 kwa kila mikrolita ni dharura, na antibayotiki zinapaswa kuanza ndani ya saa moja. Mgonjwa aliyeamini kwamba unga umempa kinga anaweza kulala na homa usiku kucha, na huenda hilo likawa dhara kubwa kuliko lolote lililomo ndani ya pakiti. Pale ambapo chembe hizo zinahitaji kupandishwa, ipo filigrastimu, protini inayodungwa chini ya ngozi, ambayo imethibitishwa kwa watu na hutolewa kwa uamuzi wa daktari.

Mambo ya kukumbuka

1. Peptidi za chaza na kombe zimesaidia kinga ya panya kurejea baada ya saiklofosfamidi. Hazijawa tiba ya mtu.
2. Chembe nyeupe hupanda zenyewe baada ya wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi.
3. Majaribio kwa panya wasio na uvimbe hayasemi lolote kuhusu usalama wa unga kwa mgonjwa wa saratani.
4. Aliyepandikizwa kiungo na mwenye lupasi wasitumie kitu cha "kuongeza kinga" bila idhini ya daktari wao.
5. Chaza wabichi ni hatari kwa mwenye kinga pungufu.
6. Homa wakati wa tibakemikali ni safari ya hospitali mara moja.

Maswali ya majadiliano

1. Mgonjwa anasema chembe zake zilipanda baada ya kunywa unga wa chaza kwa siku kumi. Ni habari gani mbili za kumuuliza kabla ya kukubali kwamba unga ndio uliofanya kazi?
2. Kwa nini ni muhimu kujua kundi la kulinganisha lilinyweshwa nini?
3. Kijana aliyepandikizwa figo anataka kutumia unga huohuo. Jibu lake litatofautianaje na la mama mwenye saratani ya matiti?